Gitaa la Baba Waya

Mwalimu alikuwa amekwisha kupiga nyimbo za kutosha kumwamsha maiti, na kidole gumba chake bado kilikuwa juu ya uzi mnene unaotetema, pale mkewe alipouliza kutoka chumba cha pili:

"Mwalimu, mbona leo hupigi?"

Aliutazama ukuta uliowatenganisha kama mtu aliyetukanwa na mtoto mdogo, asijue acheke au akasirike. Upande ule mkewe alikuwa kwenye cherehani chake, anashona sare za shule. Upande huu yeye alikuwa kwenye kiti chake cha miguu mifupi, gitaa pajani, mlango umefungwa. Ndivyo walivyoishi tangu waoane, yeye na nyuzi zake na mkewe na nyuzi zake, kila mmoja akijipatia riziki kwa ncha za vidole.

Akaanza tena, safari hii kwa nguvu. Akapiga kama alivyokuwa akipiga ujanani katika kumbi zilizojaa watu wenye viatu vizito, ngoma upande wa kushoto na tarumbeta upande wa kulia, enzi ambazo mpiga gitaa asiye na mkono mzito aliambulia kutikisa kichwa tu kwenye jukwaa. Uzi mwembamba ukakatika, ukamchapa kwenye kifundo cha mkono. Alitega sikio. Kutoka upande wa pili alisikia mguu wa mkewe ukiendelea kukanyaga cherehani kwa mwendo wake wenyewe, kama mtu anayetembea peke yake barabarani.

Hapo ndipo alipojua kwamba jambo lenyewe si la mzaha.

Masikio ya mkewe yalikuwa yameanza kumpa mkono wa buriani tangu ile homa iliyomlaza kitandani mwaka uliopita. Daktari alimpatia vifaa viwili vidogo kama maharage, vya kuweka masikioni, na kwa mazungumzo vilifaa kweli. Aliweza tena kusikia wateja wake wakinong'onezana umbea huku wakijaribu magauni nyuma ya pazia, neema aliyoishukuru kwa moyo wote. Lakini gitaa lilipopita mle ndani lilitoka limechunika ngozi. "Kama misumari inamwagwa kwenye sinia," alisema siku ya kwanza, akavivua, akavitia kwenye kikopo cha vifungo. Tangu hapo, mumewe alipoingia chumbani na gitaa, yeye alivivua. Afadhali kidogo kilicho cha kweli, alisema, kuliko kingi kilichoharibika. Na kile kidogo kilikuwa kikipungua kama maji ya mtungi wenye ufa, bila mtu kuona yanakokwenda, mpaka leo kata ilipogonga chini.

Mchana, mezani, Mwalimu alikula bila kuinua uso. Mkewe, ambaye alikuwa amerudisha vifaa vyake masikioni, alimtazama mara moja akajua.

"Ulikuwa unapiga," alisema.

"Nilikuwa napiga."

"Sana?"

"Mpaka uzi umekatika."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Pole."

"Pole ya nini?"

"Ya uzi," akasema, na wote wawili wakautazama mkono wa Mwalimu, pale penye mstari mwekundu, kwa sababu ilikuwa rahisi kuutazama mkono kuliko kutazamana.

"Nitaweka pikapu," Mwalimu akasema.

"Pikapu?" Mkewe alishtuka. "Na utaiegesha wapi, mume wangu? Hata baiskeli yako inalala ukumbini!"

"Si gari! Pikapu ya gitaa. Kile kidude cha kunasa sauti na kuipeleka kwenye spika."

Mkewe alimkodolea macho kwa muda, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Wewe? Wewe uliyesema kusikiliza gitaa lenye waya ni sawa na kumbusu mtu kwa simu?"

"Nilisema."

"Mbele ya wageni?"

"Nilisema, na sasa nasema hili. Mtu hawezi kusema mambo mawili?"

"Anaweza," mkewe alisema, akifuta macho kwa upande wa kanga. "Anaweza kabisa. Ni vile tu kwako sijapata kuona."

Msimamo wa Mwalimu kuhusu waya ulikuwa unajulikana na kila mtu aliyewahi kukaa mbele yake kujifunza. Gitaa, alikuwa akiwaambia wanafunzi, ni mti uliokubali kusema. Ukiupitisha kwenye umeme unakuwa mti uliolazimishwa kukiri. Alikataa kazi nzuri nzuri kwa ajili ya maneno hayo. Alikataa kupiga kwenye ukumbi mkubwa wa mji siku ulipofunguliwa, kwa kuwa waliomwalika walitaka kumbandikia kidude. Watu walimcheka, watu walimheshimu, na yeye hakuona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili.

Kisha binti yake wa pekee, aliyemfundisha tangu vidole vyake havijaweza kuizunguka shingo ya gitaa, mwenye mkono mwepesi ambao baba mtu aliusifu kwa watu wote isipokuwa mwenyewe, aliliweka gitaa chini akaenda kuwa fundi wa mitambo ya sauti. Siku alipowaaga, Mwalimu alimwambia, "Nimekufundisha kuzungumza na mti, wewe umekwenda kuolewa na bati." Binti hakuwa mtu wa kujibu. Alifungua karakana yake mitaa kadhaa kutoka hapo, akawa fundi hodari, na wanamuziki wakambandika jina: Waya. Mtaa nao, ambao hauna huruma, haukukawia kuchukua hatua iliyofuata. Mwalimu aliyechukia waya kuliko kichomi akawa Baba Waya mpaka sokoni.

Hawakuwahi kugombana, baba na binti. Wangegombana, wangepata nafasi ya kupatana. Walisalimiana vizuri, walipelekeana dawa za mafua, walikaa pamoja kwenye misiba. Ila binti alikuja kumwona mama yake zaidi siku ambazo baba alikuwa kwa wanafunzi, na baba, alipokuwa na njia mbili za kupita, alipita ile isiyogusa karakana.

Siku iliyofuata maneno ya pikapu, aliipita ile nyingine.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka. Mafungu ya waya yalining'inia ukutani yamekunjwa vizuri kama taulo za hotelini. Spika zilizochanika ngozi zilikaa chini zikisubiri zamu yake kila moja, kama wagonjwa. Binti alikuwa ameinamia kipaza sauti kilichofunguliwa matumbo. Alipoinua uso na kumwona aliyesimama mlangoni na kasha la gitaa, alizima chuma chake cha kuchomelea kwanza, ndipo akasimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama mzima?"

"Mzima. Ila masikio..."

"Najua."

"Unajua?"

"Huwa tunaongea, Baba."

Mwalimu aliliweka kasha mezani, akalifungua. Hakutaka kuzunguka mbuyu. Aliogopa angezunguka akajikuta tena mlangoni. "Nataka asikie," alisema. "Lakini asikie hili. Si kitu kingine chenye umbo la hili."

Binti alifuta mikono. "Kila anayeingia humu huniambia hivyo. Nataka sauti yangu ileile, ila kubwa."

"Na unawapatia?"

"Ninawapatia inayokaribia. Fundi anayeahidi zaidi ya hapo anauza maneno."

Jibu lile lilimpendeza Mwalimu bila ruhusa yake. Angekuwa yeye, angejibu hivyohivyo. Akavuta kibao, akakaa.

Binti aliingiza kioo kidogo na tochi kwenye tundu la gitaa, akachungulia huku na huku, halafu akaligeuza na kuweka kidole kwenye kitako chake. "Itabidi nitoboe hapa. Pa kuchomekea waya."

Mwalimu alisimama tena. Alikuwa ameliazima gitaa lile kwa mwalimu wake mwenyewe, na marehemu alipokaribia mwisho wake akamwambia asilirudishe. Halikuwahi kuguswa na kitu kikali kuliko msasa.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kipaza sauti mbele yake, kwenye kiguzo. Lakini ukisogea, sauti inakimbia, na wewe hujui kukaa tuli. Ukikiweka karibu, kinapiga mluzi. Ningekuwa nakutafutia kazi rahisi ningekuwekea hicho." Akamsogezea gitaa. "Lishike wewe mwenyewe, Baba. Mimi nitashika keekee."

Akalikumbatia kama mzazi anavyomkumbatia mtoto anayedungwa sindano, uso ameugeuzia pembeni, macho ameyafumba. Keekee ililia kwa kifupi, ikanyamaza, ikalia tena. Unga mweupe wa mbao ulimwagikia viatu vyake, na harufu ikapanda, harufu mbichi kabisa ya mti, kana kwamba mle ndani kulikuwa na kitu ambacho miaka yote ile haikuwa imekikausha. Alipofumbua macho, tundu lilikuwa dogo, la mviringo, safi. Binti alikuwa anapuliza unga wake taratibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza hapo."

Pikapu ya kwanza ilikuwa ukanda mwembamba kama utambi wa taa. Binti alilegeza nyuzi, akakitoa kile kipande cha mfupa kinachozibeba nyuzi juu ya daraja la gitaa, akakisugua upande wa chini kwa msasa mpaka kikakaa sawasawa juu ya kioo bila kupitisha mwanga, maana kikipinda, alisema, uzi mmoja utapiga kelele na wa jirani utanong'ona. Akaulaza ukanda chini ya mfupa, akachomelea waya, akakaza nyuzi, akawasha spika. "Haya."

Mwalimu alipiga. Kilichotoka kilikuwa chembamba, cha puani, chenye kukwaruza mwanzoni mwa kila noti.

"Hilo ni bata," alisema.

"Ni bata," binti alikubali.

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Ubishi ulipokosekana akabaki ameshikilia silaha zake bila pa kuziweka. Binti alipiga mfupa ule kwa ukucha, na spika ikajibu *ta, ta*.

"Kidude hiki kimekaa chini ya mfupa," alieleza. "Kinachosikia ni mfupa, na jinsi nyuzi zinavyoukandamiza. Hakijui kwamba kuna mbao. Hakijui kwamba tumboni mna hewa. Ni kama kumsikiliza mtu kwa kumshika meno."

Mwalimu alicheka kabla hajaamua kucheka. "Sasa?"

"Sasa tunakitafutia mwenzake."

Mwenzake alikuwa bapa, wa duara, mdogo kuliko kifungo cha koti. Huyu alikuwa wa kubandikwa ndani, chini ya ubao wa mbele, asikie mbao zenyewe zinavyotetema. Binti aliuingiza mkono tumboni mwa gitaa mpaka kiwiko karibu, akakibandika kwa nta, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Sauti ilivuma kama pipa. Akakisogeza upana wa kidole. Ikafifia. Akakisogeza tena kuelekea upande wa nyuzi nene, akagonga, akainamisha kichwa. Mwalimu alimtazama. Aliujua ule mwinamo wa kichwa. Alikuwa amemfundisha mwenyewe, au labda hakumfundisha, labda alimwambukiza tu.

"Hapa," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Hawakutazamana. Binti alikibandika kwa gundi, akaviunganisha vidude viwili, akaanza kuzungusha vifundo vya kurekebishia sauti kwenye spika. Alipunguza zile sauti za katikati zinazouma sikio. Spika ilipoanza kuvuma yenyewe kwa sauti nene, akatafuta mahali pembamba penye uvumi huo akapafinya mpaka ukafa. Mwalimu alipopiga, bata alikuwa ameondoka, lakini nyayo zake bado zilikuwapo. Wakarudia. Wakarudia tena. Jua lilihama kutoka meza moja kwenda nyingine, wateja walichungulia wakaambiwa warudi kesho, na mwishowe binti aliondoa mikono kwenye vifundo, akaiweka mapajani.

"Kilichobaki hakiko kwangu," alisema.

"Kiko wapi?"

Akautazama mkono wa kulia wa baba yake, kisha akatazama chini. "Baba, unapiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua."

Mwanafunzi yeyote angesema hivyo angeonyeshwa mlango. Tena angeonyeshwa kwa mkono uleule, mkono uliokuwa ukigonga meza mtu alipokosea, uliofunga milango kwa kishindo bila hasira yoyote, kwa mazoea tu, kama vile dunia nzima ilikuwa ukumbi wenye tarumbeta upande wa kulia. Mwalimu alifumbua kinywa. Binti alikuwa bado ametazama chini, mabega yamekaa kwa namna fulani, yamejibana kidogo kama ya mtu anayesubiri kishindo. Mwalimu aliwahi kuyaona mabega yale mara nyingi, kando ya kiti chake cha miguu mifupi, akidhani ni usikivu.

Akafunga kinywa.

"Nipige vipi?" aliuliza.

Binti aliinua uso. Hakuwahi kuulizwa. "Piga kama hakuna atakayekukatiza."

Akajaribu. Mara ya kwanza mkono haukumtii. Ulikuwa kama ng'ombe wa jembe aliyeambiwa acheze. Mara ya pili aligusa uzi tu, akauacha. Kutoka kwenye spika, upande ule wa chumba, kukatoka sauti ya mviringo, yenye mbao ndani yake, na nyuma ya noti akasikia ngozi ya kidole chake mwenyewe ikiachana na uzi. Akashtuka. Akagusa mwingine. Sauti ilitembea bila kusukumwa, ikafika ukutani, ikakaa. Akapiga wimbo mzima hivyo, mkono haujui ufanye nini na nguvu zilizobaki, na alipomaliza aliona jasho limemtoka kuliko siku zote alizopigana na ngoma.

Binti alianza kukunja waya wa kwenda nao.

Walitembea kwenda nyumbani jua likiwa bado kali, binti kabeba spika, baba kabeba gitaa. "Baba Waya!" fundi viatu alimwita kutoka kibandani. "Leo na waya zenyewe?"

"Leo na mwenye nazo," Mwalimu alijibu, na binti, aliyekuwa nyuma yake, akajikwaa kidogo.

Nyumbani, Mwalimu aliandaa mambo kwa heshima zote. Alimtoa mkewe kwenye cherehani, akamwingiza chumba cha gitaa, akamletea kiti chenye mto, akakiweka mbele yake kabisa, akamkalisha kama mgeni rasmi. Mkewe alivua vifaa vya masikioni. Spika iliwekwa kando ya kiti cha miguu mifupi, ikimtazama. Mwalimu alipiga ule wimbo aliompigia walipokuwa wachumba, taratibu, mkono umelegea, jicho halibanduki usoni mwa mkewe.

Wimbo ulikwisha.

"Nzuri," mkewe alisema.

Mwalimu aliijua ile "nzuri". Ndiyo waliyopewa wateja waliokuja na kitambaa cha rangi isiyowafaa.

"Husikii?" aliuliza kwa sauti ya juu, taratibu, ili mkewe amsome midomo.

"Nasikia. Nasikia vizuri sana. Nasikia hata kucha zako."

"Sasa?"

Mkewe aliisugua mikono yake. Alikuwa mtu wa maneno mepesi, na ilionekana kwamba safari hii alikuwa anayatafuta mazito. Binti alinyoosha mkono kwenda kwenye vifundo. "Usiguse kwanza," mama akamwambia, kisha, kwa mumewe: "Mimi sijawahi kukaa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Mbele yako."

Mwalimu alitabasamu, akidhani ni utani. "Miaka yote hii hujanisikiliza?"

"Nimekusikiliza kila siku aliyoleta Mungu. Lakini wewe ukipiga, mlango hufungwa. Mimi huwa kule." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Alisema kama mtu anayeeleza dirisha la nyumba liko upande gani. "Gitaa ninalolijua mimi ni la kule. Halina kucha. Ni la chinichini. Hupita ukutani likiwa limevua viatu."

Mwalimu aliutazama mlango. Alikuwa akiufunga ili asisumbuliwe, na kweli, hakuna aliyewahi kumsumbua. Nyimbo nyingi mle ndani alikuwa amezitunga akiwa na uso wa mkewe mbele ya macho, akimwona amekaa mahali hasa alipokuwa amekaa sasa, mikono mapajani, kichwa kimeinama. Alimwona wazi mno hata hakuwahi kushangaa kwamba mahali pale palikuwa patupu.

Binti ndiye aliyesimama. Aliinua spika, akaipeleka ukutani, akaigeuza uso ukutani, mgongo kwa watu.

"Unafanya nini?" baba aliuliza.

"Nampelekea sauti anayoijua." Akazungusha kifundo kimoja mpaka sauti nyembamba zikazama, kingine akakipandisha kidogo. "Mama! Rudi kwenye cherehani!"

Mama alikwenda. Mlangoni aligeuka. "Fungeni," alisema.

"Tuufunge?" Mwalimu aliuliza.

"Nitasikiaje ukiwa wazi?"

Akaufunga mwenyewe, akishika kitasa kwa mikono miwili ili usipige kelele. Akarudi kwenye kiti, akapiga. Mle ndani, gitaa lilisikika vibaya, limefunikwa blanketi, na kila mshipa wa mwili wake ulitaka kulifunua.

"Bado!" mkewe alipiga kelele kutoka upande wa pili.

Binti alizungusha.

"Bado! Lina meno!"

Akazungusha tena. Mwalimu aliendelea kupiga, akiwa mwepesi kuliko alivyowahi kuwa. Upande wa pili pakawa kimya. Hakukuja "bado", hakukuja "hapo". Baba na binti wakatazamana, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kitu, mpaka cherehani kilipoanza. Kilianza polepole, kikasita, kikaanza tena, na safari hii mguu uliokikanyaga ulikuwa ukishuka pale hasa kidole gumba cha Mwalimu kilipogusa uzi mnene. Alipoharakisha, uliharakisha. Alipovuta noti, mguu ulimngoja.

Binti aligeuza uso akajishughulisha na waya ambao haukuwa na kasoro.

Mwalimu alipiga mpaka akafika mwisho wa ubeti, akauweka mkono juu ya nyuzi. "Shika," alisema, akimnyooshea gitaa.

"Mimi?"

"Nataka nikasikie."

"Sijapiga siku nyingi, Baba."

"Basi anza, usiache mpaka nifike."

Alitoka, akaufunga mlango nyuma yake, akaingia chumba cha kushonea kwa kunyata. Alikuwa akiingia humo kila siku, kuuliza chakula, kutafuta miwani, kuaga. Hakukumbuka kama aliwahi kukaa. Mkewe alikuwa ameinamia kitambaa cha buluu, hakumwona. Mwalimu alikaa kwenye benchi la wateja, lililoegemezwa ukutani, na sauti ikamjia mgongoni kabla haijafika masikioni. Ilikuwa nene, ya joto, haina mwanzo mkali wala mwisho. Hakuweza kusema mkono unaanzia wapi. Alikuwa mtu wa gitaa maisha yake yote, na sauti ile hakuwahi kuisikia.

Mkewe alifika mwisho wa mshono, akainua uso akate uzi, akamwona. Aliutazama ukuta. Akamtazama tena yeye.

"Kumbe ni yeye?" alisema.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

"Enzi zile mlipokuwa mkipiga wote wawili huko ndani," mkewe alisema, akiuma uzi, "sikuwahi kujua yupi ni yupi."

Mwalimu alitaka kumwambia kwamba mtu yeyote mwenye sikio angejua. Kwamba binti huchelewa kidogo kwenye uzi wa pili, kwamba yeye mwenyewe kamwe hachelewi. Akatega sikio aupate huo mfano. Upande wa pili binti alikosea, akasita, akairudia sehemu ileile kwa upole zaidi, na mguu wa mama ukashuka tena juu ya kikanyagio. Mwalimu alisikiliza, akasikiliza, akapoteza alichokuwa anakitafuta.

Mkewe alimrushia sare iliyokwisha kushonwa, akamwonyesha kwa kidole nyuzi za bandi, zile za kushikiza kwa muda, zinazotakiwa kutolewa. Akaitandaza magotini, akautafuta mwanzo wa uzi, na akaanza kuuvuta polepole, asije akafanya kelele.